Kumwachilia Aendaye: Moyo Uliovunjika na Mafundisho ya Uislamu

Mwanafunzi anapoachwa na mchumba wake, au posa yake inapovunjwa wiki chache kabla ya nikahi, hakosi washauri. Chumbani mwake bwenini watapita watu watatu au wanne jioni hiyo hiyo, kila mmoja na methali yake. Wa kwanza atasema yaliyopita si ndwele. Wa pili atasema subira huvuta heri. Wa tatu, akiwa Muislamu mwenzake, ataongeza kuwa hiyo ni kadari ya Mwenyezi Mungu na kwamba kulia ni dalili ya upungufu wa imani. Kisha wote watarudi vyumbani mwao wakiamini wametenda jambo la kheri, na aliyefikwa atageukia ukuta alie bila sauti, kwani sasa amepata misiba miwili: wa kuachwa na wa kudhaniwa hana imani.

Madai ya makala haya ni kwamba mshauri wa tatu, licha ya nia yake njema, ameikosea dini anayoinasibisha na maneno yake. Uislamu haumwamrishi aliyevunjika moyo asihisi, wala haumwamrishi asahau. Unamtaka atende mambo mawili yaliyo magumu zaidi: ayapeleke maumivu yake panapostahili, na amwachilie aendaye aende kwa wema. Nitayatetea madai haya kwa matini zinazofahamika na kwa kuyachunguza maneno yenyewe, maana ugonjwa ninaouzungumzia, kwa kiasi kikubwa, ni ugonjwa wa msamiati. Wasomaji wasio Waislamu nao nawaomba wavumilie marejeo ya Kurani na Hadithi. Nina hakika watayaona ya kwao pia.

Tuanze na neno subira. Katika matumizi ya leo, kusubiri ni kungoja matatu kituoni, na kuwa na subira ni kufunga mdomo. Mzizi wa Kiarabu uliotuletea neno hili una maana ya kuzuia na kushika. Ibn Qayyim al-Jawziyya, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka wa 1350 na aliyeandika kitabu kizima juu ya subira, aliieleza kuwa ni kuizuia nafsi isipaparike, kuuzuia ulimi usishtaki, na kuvizuia viungo visijipige mashavu na kurarua nguo. Itazame orodha hiyo kwa makini. Macho hayamo. Hakuna aliyeamrishwa kuyazuia machozi, na kama yangeamrishwa kuzuiwa, basi tungekuwa na tatizo kubwa la kuwaeleza baadhi ya mitume.

Nabii Yaakubu ndiye mfano ulio wazi kuliko yote. Katika Sura Yusuf, anapoletewa habari ya kupotea kwa mwanawe, anaitaja subira iliyo njema. Hiyo ni aya ya 18. Miaka inapita, mwana wa pili naye anazuiliwa Misri, na katika aya ya 83 mzee anairudia ile ile subira njema. Aya moja tu baadaye tunaambiwa kuwa macho yake yalikuwa yamegeuka meupe kwa huzuni. Mtu yule yule, na subira ile ile. Watoto wake wakamkemea, wakamwambia kuwa hataacha kumtaja Yusuf mpaka adhoofike au aangamie. Wale watoto, kwa maoni yangu, ndio babu zao washauri wetu wa bwenini. Naye akawajibu kuwa huzuni yake haipeleki ila kwa Mwenyezi Mungu. Tuzingatie kwamba hakusema hana huzuni. Alichokifanya ni kuichagulia mahali pa kuifikisha. Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya kushtaki kwa Mungu na kumshtaki Mungu, tofauti ambayo mshauri wetu ameifuta kabisa kwa kuamrisha kimya.

Mtume Muhammad (S.A.W.) naye alilia alipofiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim. Sahaba Abdurrahman bin Auf alipostaajabu, Mtume alimweleza kuwa machozi hayo ni rehema, kwamba jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Wanahistoria wa Kiislamu wameuita mwaka aliofiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib, takriban mwaka wa 619, Mwaka wa Huzuni. Dini inayoupa mwaka mzima jina la huzuni haiwezi kuwa inaionea haya. Tena zipo riwaya sahihi zinazosimulia kwamba miaka mingi baada ya kifo cha Khadija, Mtume alikuwa akichinja kondoo na kuwapelekea vipande vya nyama marafiki wa marehemu, hata Bi Aisha akaona wivu kwa mwanamke ambaye hakumkuta. Mwenye kudai kwamba kuachilia ni kusahau na aifafanue nyama ile.

Lakini haya yote ni mauti, msomaji ataniambia. Aliyekufa hakukukataa. Uchungu wa kuachwa na mtu aliye hai, unayekutana naye kila siku kwenye foleni ya chakula au mlangoni mwa maktaba, ni wa namna nyingine. Nakubali. Kwa hiyo na tuje kwenye kisa cha Barira na Mughith, ambacho nadhani hakisomwi vya kutosha katika mihadhara yetu.

Barira alikuwa mjakazi mjini Madina, ameolewa na mtumwa aitwaye Mughith. Bi Aisha akamnunua Barira na kumwacha huru. Kwa kuwa sasa yeye alikuwa huru na mumewe bado mtumwa, sheria ilimpa hiari: abaki naye au waachane. Barira akachagua kuachana. Ibn Abbas anasimulia, katika riwaya aliyoipokea Imamu Bukhari, kwamba ni kana kwamba bado anamwona Mughith akimfuata Barira katika njia za Madina, analia, na machozi yanamtiririka mpaka ndevuni. Mtume akamwelekea Abbas, ami yake, na kumtajia ajabu ya mambo yale mawili kukutana: penzi la Mughith kwa Barira na chuki ya Barira kwa Mughith. Akamwambia Barira itakuwaje lau atamrudia. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni uombezi tu. Naye akasema hana haja naye. Riwaya inaishia pale.

Mambo kadhaa yananivutia katika kisa hiki. Hakuna aliyemcheka Mughith. Hakuna aliyemwambia ajikaze kiume, wala aliyemtafsiria machozi yake kuwa ni ukosefu wa imani. Mtume wa Mungu mwenyewe alimhurumia, akamwombea. Huruma ile, hata hivyo, ilikuwa na mpaka wake, na mpaka ulikuwa neno la Barira. Mwanamke aliyekuwa jana tu mjakazi anamuuliza kiongozi wa umma iwapo anamwamuru au anamshauri, na alipojua kuwa ni ushauri aliukataa, na kukataa kwake kukaheshimiwa. Uchungu wa Mughith ulikuwa wa kweli na ulistahili kusikilizwa. Haukumpa haki yoyote juu ya Barira.

Ninalisisitiza hili kwa sababu katika nchi yetu si suala la nadharia. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya wanawake, na baadhi ya wanaume, waliandamana Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Yeyote aliyeishi chuoni miaka ya karibuni anakumbuka majina ya wanafunzi wa kike ambao habari zao zilianza na maneno kuwa alikuwa amemkataa mtu, au ameamua kuondoka. Majina yao siyaandiki hapa. Familia zao zingali hai. Ninachouliza ni hiki: kijana anayedhani kwamba kukataliwa ni tusi lisilovumilika, nani alimfundisha kulia? Tulimfundisha kunyamaza, na kimya kile kikachachuka kifuani mwake. Mughith alilia barabarani mchana kweupe, na kwa kadiri ya riwaya, hakumgusa Barira hata kwa ukucha.

Wapo pia wasiotumia nguvu bali hirizi. Kwenye nguzo za umeme Nairobi na Mombasa yamebandikwa matangazo ya waganga wanaoahidi kumrudisha mpenzi aliyetoroka, nambari ya simu ikiwa chini, na baadhi yao hujipamba kwa majina ya kiustadh na herufi mbili tatu za Kiarabu ili Waislamu wasisite. Aya ya 102 ya Sura al-Baqara inaitaja sihiri ya kumtenganisha mtu na mkewe na kuilaani. Sioni kwa nini ile inayodai kumrudisha iwe na hukumu nyingine, kwa maana zote mbili hutaka kumnyima mtu hiari ambayo Barira aliachiwa.

Sasa tuzitazame kauli za kitenzi chetu, ambacho wanaisimu miongoni mwetu wamekinyambua mara nyingi darasani bila ya kukihurumia. Acha ni tendo la mmoja: fulani amemwacha fulani. Achana iko katika kauli ya kutendana, na kwa hiyo inadai kuwa wote wawili wametenda. Ndiyo maana aliyeachwa hupenda kusema tumeachana, kwa kuwa sarufi inamsitiri. Achilia ina habari nyingine kabisa. Hapa mtendaji ni yule anayebaki. Ameshika kitu, na anakifungulia mkono kiende. Kwa hiyo mtu anaweza kuachwa leo na asiachilie hata baada ya miaka kumi, kwani matendo hayo mawili yana watendaji tofauti. Tena neno hilo limebeba ndani yake msamaha: kumwachilia mtu kosa ni kumsamehe. Sijui lugha nyingi, lakini katika hizo chache nizijuazo, sijakuta kitenzi kinachoyakusanya haya kwa mkupuo mmoja hivi.

Kiarabu cha Kurani kina picha yake. Neno talaka lenyewe, tunalolitamka kwa hofu kana kwamba ni jina la maradhi, asili yake ni kufungua kilichofungwa. Aya ya 229 ya Sura al-Baqara inaweka njia mbili mbele ya mume: kushika kwa wema au kuachilia kwa ihsani, na neno lililotumika kwa kuachilia ni tasrihi. Mzizi huo huo umetumika katika Sura an-Nahl, aya ya 6, inapozungumziwa mifugo na uzuri wake inapotolewa asubuhi kwenda malishoni. Sidai kwamba mke ni mfugo. Mwenye kusoma hivyo atakuwa amekusudia ugomvi. Nasema kwamba ndani ya neno lile mna asubuhi, mna malisho, mna mlango uliofunguliwa. Aendaye hatupwi jalalani. Anakwenda mahali palipo na riziki yake. Na ukiitazama Sura al-Ahzab, aya ya 49, utaona tasrihi hiyo imepewa sifa ya uzuri, sifa ile ile iliyopewa subira ya Yaakubu. Subira njema na kuachilia kwema, kivumishi kimoja.

Ihsani hiyo ina matendo. Aya ya 237 ya al-Baqara, ikiwa katikati ya hukumu za talaka na mahari, inawakumbusha wanaoachana wasiusahau wema uliokuwa baina yao. Basi kusahau kumetajwa, na kumekatazwa! Kinachokumbukwa ni fadhila. Ningependa aya hii ibandikwe mahali pa yale matangazo ya waganga. Kwa siku hizi maana yake ni kwamba siri ulizoambiwa usiku hazisomwi kwa sauti mbele ya marafiki asubuhi, na picha ulizotumiwa kwa imani hazisambazwi katika makundi ya WhatsApp. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni imefanya usambazaji wa picha za faragha kuwa kosa la jinai, na ni vyema. Ila Muislamu anayengoja polisi ndipo aisitiri heshima ya aliyekuwa mwenziwe amechelewa kwa karne kumi na nne.

Kuhusu wanawake nina neno zaidi. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Susan Hirsch, alichapisha mwaka wa 1998 kitabu kuhusu mahakama za Kadhi za pwani ya Kenya, na jina la kitabu hicho limejengwa juu ya vitenzi viwili: kutamka na kuvumilia. Mwanamume hutamka talaka, mwanamke huvumilia. Hiyo ndiyo picha iliyozoeleka ya jamii ya Waswahili Waislamu. Hirsch alipokaa mahakamani akasikiliza, alikuta wengi wa waliofungua kesi ni wanawake, wanaeleza shida zao kwa Kiswahili chenye nguvu, na mara nyingi wanashinda. Picha na mambo yenyewe havikulingana. Nami nadhani uvumilivu huo wa kwenye picha ndio ulioazima jina la subira na kulivaa bila idhini. Mke wa Thabit bin Qays alipomwendea Mtume na kusema hana la kumlaumu mumewe katika tabia wala dini lakini hawezi kuishi naye, hakuambiwa avumilie. Aliulizwa kama atamrudishia bustani aliyompa mahari, akakubali, wakatenganishwa. Mama au shangazi anayemrudisha binti katika nyumba anayopigwa kwa kumwambia asubiri, na alitafute jina jingine kwa hilo.

Nije kwenye eda. Neno hili asili yake ni hesabu. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi. Mtalaka anayepata hedhi hukaa twahara tatu kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata hapa pwani. Wanafunzi wengi huichukulia eda kuwa ni suala la nasaba tu, ijulikane kama kuna mimba. Hilo limo, lakini halielezi kwa nini ajuza aliyefiwa na mumewe naye akae. Mimi naiona pia kuwa ni huruma: huzuni imepewa nambari. Ina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na baina ya siku hizo hakuna mwenye haki ya kuja kukuambia tugange yajayo. Na Sura at-Talaq inakataza mtalaka kutolewa nyumbani mwake wakati wa eda, amri ambayo mitaani kwetu huvunjwa kila siku kwa sanduku lililowekwa barazani.

Kwa misiba isiyokuwa ya mume, mwanamke alipewa siku tatu za kukaa matanga. Bi Ummu Habiba, mke wa Mtume, alipofiwa na baba yake Abu Sufyan, aliagiza manukato siku ya tatu, akajipaka, akaeleza kuwa hakuwa na haja nayo, ila alisikia kuwa haifai kuzidisha siku tatu. Nalipenda sana tukio hili kwa sababu ya ukweli wake. Hakudai kuwa amepona. Alijipaka manukato bado huzuni ingali ndani, kwa kuwa hesabu ya nje ilikuwa imetimia na ya ndani ilikuwa na mwendo wake. Aliyeachwa na mchumba hana eda kisheria, lakini sioni kinachomzuia kujifunza kwa Ummu Habiba: ajipe siku kadhaa za kulia, na siku ya mwisho aoge, avae nguo iliyopigwa pasi, aende darasani. Si kwa sababu uchungu umekwisha.

Pingamizi moja nzito nimeisikia, nayo inatoka kwa wenzangu wenye bidii katika dini. Wanasema: mapenzi ya vyuoni mengi ni nje ya ndoa, na aliyeumizwa na jambo lisiloruhusiwa hastahili kufarijiwa kwa Kurani; na atubie kwanza. Sina nia ya kuhalalisha kilichoharamishwa, na toba haina mbadala. Lakini moyo hauulizi cheti cha ndoa kabla ya kuuma, na mlango wa Mungu ndio pekee ambao mwenye kosa na mwenye msiba huingilia pamoja. Mwanafakihi Ibn Hazm wa Andalusia, aliyezaliwa Cordoba mwaka wa 994, hakuona haya kuandika kitabu kizima juu ya mapenzi, Tauq al-Hamama, yaani Kidani cha Njiwa, chenye milango kuhusu kutengana na kuhusu moyo unapotulia baada ya penzi. Humo anasimulia jinsi alivyofiwa ujanani na kijakazi aliyempenda, akakaa miezi saba bila kuvua nguo zake. Mtu huyo baadaye aliandika baadhi ya vitabu vikali kabisa vya fikihi. Ukali wake katika sheria haukumfanya asahau miezi ile saba, wala kuificha.

Imebaki kadari, silaha ya mwisho ya mshauri wetu. Aya za 22 na 23 za Sura al-Hadid zinafundisha kwamba msiba umeandikwa kabla ya kutokea, ili mtu asihuzunike kwa kilichomponyoka wala asijivune kwa alichopewa. Ni kweli. Ila kadari ni dawa inayonywewa na mgonjwa mwenyewe. Ikilazimishwa kooni na mwingine hugeuka matapishi. Yeye anayesema ni kadari juu ya msiba wake amefika mahali. Anayelisema juu ya msiba wa jirani mara nyingi anatafuta tu njia ya kutoka chumbani. Na tusisahau kuwa tawakali inatokana na mzizi mmoja na wakili. Mwenye kesi anapomkabidhi wakili mambo yake hanyimwi ruhusa ya kueleza alivyoumia. Kwanza ataulizwa aeleze yote.

Bi Ummu Salama aliyaeleza. Mumewe Abu Salama alipofariki, alikumbuka dua aliyoisikia kwa Mtume, ya kumwomba Mungu thawabu katika msiba na badala iliyo bora. Aliisema, lakini akajiuliza ni nani atakayekuwa bora kuliko Abu Salama. Dua mdomoni na shaka moyoni, vyote kwa pamoja, na dua ile haikukataliwa. Baadaye aliolewa na Mtume. Sikitaji kisa hiki ili kumwahidi kila aliyeachwa kwamba atapata mchumba bora. Sura an-Nisaa, aya ya 130, inaposema kuwa wawili wakitengana Mungu atamtosheleza kila mmoja kwa wasaa wake, haisemi kuwa utoshelevu huo lazima uwe ni ndoa nyingine. Nakitaja kwa ajili ya ile shaka. Na ikiwa siku zinapita, mtu halali, hali, na anaanza kuzungumzia kufa, basi aende kwa mshauri nasaha wa chuo au kwa daktari bila kuchelewa, kwani Mtume amefundisha kuwa hakuna maradhi ila yameteremshiwa dawa, na kuitafuta hakupunguzi tawakali ya mtu.

Vijana wengi wa Kiislamu husali istikhara kabla ya posa. Wachache huikumbuka baada ya posa kuvunjika, ilhali sehemu ya mwisho ya dua yake imeandaliwa hasa kwa saa hiyo. Jabir bin Abdillahi amesimulia kuwa Mtume alikuwa akiwafundisha dua hiyo kama alivyowafundisha sura za Kurani. Mja huomba kwamba ikiwa jambo lina shari naye, Mungu aliepushe naye, na amwepushe yeye nalo. Ni maombi mawili. Aliyeachwa amekwisha kujibiwa la kwanza: mtu ameondoka, nambari haishiki. La pili bado, maana yeye angali ameelekea kule alikopotelea yule, anapita makusudi njia ya bweni lake, anazisoma tena jumbe za mwaka jana. Anaweza kuliomba hilo la pili peke yake, usiku baada ya usiku, kwa machozi akitaka. Baada yake huja ombi la kukadiriwa kheri popote ilipo, na la kuridhishwa nayo, ambalo limewekwa mwisho kabisa.